Moyo wa mukubwa wa shimo: usimamishe kazi, usishushe watu

Kila asubuhi, kwenye kila shimo la Maniema, iwe la kasiterite upande wa Kalima na Kailo, iwe la dhahabu upande wa Kampene na Namoya, kuko mtu mmoja anayekata shauri: leo tunashuka, ao leo hatushuki. Jina lake linageuka kufuatana na machimbo. Hapa wanamwita PDG, kule shefu wa shimo, pengine konduktere. Lakini kazi yake ni ileile ya mukubwa wa kampuni yoyote: kukata shauri mbele ya kujua yote. Hana mashine ya kupima udongo, hana enjenia wa kumwandikia ripoti. Ukimwuliza sababu gani ameamua hivi, mara nyingi jibu ni moja tu: «Moyo inaniambia.»

Sisi wa sendika tumesikia neno hilo kwa namna mbili. Kuko mukubwa anayesimama kwenye mdomo wa shimo, anatazama, ananyamaza, kisha anasema: «Leo apana. Moyo inakatala.» Na kuko mwingine anayepiga mikono: «Filon iko karibu, moyo inaniambia, mushuke!» Wote wawili wanasema lugha moja. Lakini wa kwanza anaokoa watu, na wa pili anaweza kuwazika. Hatuwezi kuwapa wote heshima sawa. Leo tunataka kuzungumza na ninyi, ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki nyumbani mkingoja, juu ya jambo hili: moyo wa mukubwa tuusikilize wakati gani, na wakati gani tuukatalie.

Moyo umejifunza wapi

Watu wengi wanafikiri kama moyo kusema ni kipaji, ao ni dawa, ao ni mababu. Hatutaki kubishana na imani ya mtu. Lakini mara nyingi kuko kitu kingine chini yake, na ni vizuri tukijue.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Gary Klein, alifanya miaka mingi akiuliza wakubwa wa watu wa kuzima moto jinsi wanavyokata shauri. Mmoja alimweleza habari hii. Aliingia na vijana wake ndani ya nyumba iliyokuwa ikiwaka upande wa jikoni. Walimwaga maji, moto haukurudi nyuma. Walimwaga tena, haukusikia. Yule mukubwa akaona mambo hayako sawa, lakini hakujua ni nini. Akaamuru wote watoke. Walipotoka tu, sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaanguka. Kumbe moto wenyewe ulikuwa ndani ya chumba cha chini ya nyumba, na wao walikuwa wamesimama juu yake bila kujua.

Mukubwa yule alisadiki kama ana nguvu ya kuona mambo yaliyofichwa. Klein akamwuliza polepole, na kidogokidogo alama zikatoka: joto la chumba lilipita kipimo cha moto mdogo wa jikoni, moto haukuwa na kelele, maji hayakuufanyia kitu. Mwili wake ulikuwa umepima yote hayo mbele kinywa kipate neno la kuyasema.

Sisi watu wa machimbo tunamjua mtu wa namna hiyo. Ni muzee boiseur, yule wa kusimamisha miti, anayeshuka hatua tatu na kupanda tena. Muulize sababu, atakuambia hajui. Lakini kaa naye na umwulize vizuri, na yeye pia alama zitatoka. Amesikia mti ukilia. Mti mbichi hulia mbele ya kuvunjika, na ndiyo sababu wazee wengi waliupenda kuliko chuma. Ameona vipunje vya udongo vikianguka kidogokidogo mahali ambapo jana palikuwa pakavu na kimya. Amepiga dari kwa chuma: jiwe lililoshika hujibu kwa sauti ya kengele, jiwe lililoachana na mwenzake hujibu kama ngoma. Ameona maji ya ukutani yaliyokuwa safi yamegeuka ya matope. Yote hayo yamepita ndani yake kwa dakika moja, na neno lililotoka ni moja tu: apana.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mtu aliyezoea shimo anaona wingu ambalo bado halina jina. Huo si uchawi, wala si woga. Ni elimu isiyoandikwa, na kwetu Maniema elimu hiyo ina thamani kubwa. Kampuni ya SOMINKI, iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya bati na dhahabu ya Maniema na Kivu, ilipokufa katika miaka ya 1990, maenjenia walienda na vyombo vikabaki kutu. Kilichobaki machimboni ni macho na masikio ya wale waliofanya kazi pale, na ya watoto waliowafuata.

Masharti mawili

Lakini si kila moyo unaosema umejifunza kitu. Hapa kuko habari ingine inayotufaa. Mtaalamu mwingine, Daniel Kahneman, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2002, alikuwa akisema kinyume cha Klein. Yeye alionyesha mara nyingi jinsi wakubwa wenye kujiamini wanavyokosea. Watu hawa wawili wangeweza kutukanana maisha yote. Badala yake walikaa pamoja, wakachunguza, na mwaka 2009 wakatoa andiko moja lenye majina yao wawili. Walikubaliana kama moyo unaweza kuaminiwa, lakini kwa masharti mawili.

La kwanza: jambo lenyewe liwe na utaratibu, alama zake zirudi-rudi, leo kama jana. La pili: mtu awe amelifanya muda mrefu, na kila mara awe amepata jibu la haraka, amekosea ao amepata.

Tuipime kazi yetu kwa masharti hayo. Udongo wa shimo moja uko na utaratibu. Mti unaolia leo ni dada ya mti uliolia mwaka jana. Na jibu halikawii: dari imeanguka ao haikuanguka. Basi boiseur wa miaka kumi na tano kwenye kilima kimoja anatimiza masharti yote mawili. Akisema apana, tunyamaze na tutoke.

Lakini umchukue muzee huyohuyo umpeleke kwenye kilima kingine, udongo mwingine, jiwe lingine. Moyo wake utaendelea kusema kwa sauti ileile, lakini sasa anasema juu ya kitu asichokijua. Sauti ya moyo haipunguki pale elimu inapopunguka. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Pale moyo unapodanganya

Tutaje mambo matano ambayo tunaonaga wakubwa wakiyaamua kwa moyo, na moyo hauna la kuwaambia.

Jambo la kwanza ni hewa. Ukiingiza motopompe ndani ya shimo, moshi wake unaleta gesi ambayo watu wa kemia wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Haikohozeshi. Kichwa kinauma kidogo, miguu inalegea, usingizi unakuja taratibu, na mtu anakaa chini «apumzike kidogo». Pua ya mtu wa miaka thelathini ya kazi haioni kitu. Na ile mishumaa tunayoshusha kupima hewa, inazimika pale hewa inapokuwa haba, lakini gesi hii haiizimi. Mshumaa unawaka vizuri na mtu anakufa pembeni yake. Kwa hiyo hapa hakuna kuuliza moyo. Injini inabaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hauleti moshi kwetu. Basi. Na mtu akianguka chini, wenzake wasimrukie mbio bila hewa kushushwa kwanza, maana mara nyingi mwokozi anakuwa maiti wa pili.

Jambo la pili ni mvua iliyoisha. Miezi ya kiangazi kwetu ni wa sita mpaka wa nane. Mwezi wa tisa mvua inarudi. Tunamsikia mukubwa akisema: «Mvua imeisha, jua imetoka, mushuke.» Macho yanaona jua, moyo unafurahi. Lakini maji yaliyoanguka jana bado yanasafiri ndani ya kilima. Udongo unazidi kuwa mzito na kulegea saa nyingi baada ya wingu la mwisho kwenda. Moyo unasoma mbingu, na hatari iko ndani ya ukuta.

Jambo la tatu ni filon. Hapa moyo wa PDG unadanganya zaidi, kwa sababu moyo huo uko na deni. Ametoa pesa ya chakula, ya miti, ya pompi, miezi mitatu, miezi minne. Kadiri pesa inavyoingia, ndivyo moyo wake unavyomwambia kama dhahabu iko karibu. Lakini dhahabu haijui alitumia franga ngapi. Na sisi wote tunakumbuka jina la yule aliyeshupaa mpaka siku ya mwisho akatoka na kilo. Wale waliochimba kama yeye, kwa moyo kama wake, wakatoka na mikono mitupu, hakuna anayesimulia habari zao. Wamerudi kijijini kimya. Ukihesabu waliopata tu, utaona kila moyo ulisema kweli.

Jambo la nne ni bei. Kuko wakubwa wa koperative wanaoweka mali ndani ya ghala kwa kuwa moyo umewaambia bei itapanda. Bei haina dari ya kupiga ukasikia sauti. Mwezi wa kumi mwaka 1985, kule London, Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili bei isianguke, lilikosa pesa ya kuendelea. Bei ikaporomoka, na machimbo yetu ya kasiterite hayakusimama tena kama zamani. Hakuna muzee wa Kalima ambaye moyo wake ungeweza kujua deni la watu wa London. Tena mwezi wa tisa mwaka 2010, rais Joseph Kabila alisimamisha machimbo yote ya wachimbaji wadogo Maniema, Nord-Kivu na Sud-Kivu, mpaka mwezi wa tatu mwaka 2011. Nani alihisi? Mambo haya yanaamuliwa mbali, na hayarudi kwa utaratibu. Kwa hiyo uza kidogo, weka kidogo, usiweke chakula cha watoto juu ya hisia.

Jambo la tano ni watu. «Huyu uso wake haunipendezi.» «Yule moyo wangu unamkubali.» Tumeona vijana wakipewa mizani, daftari la hesabu ao ulinzi wa mali kwa maneno hayo. Ukichungulia vizuri, yule anayekubaliwa na moyo ni mtoto wa shangazi, ao wa kijiji kimoja, ao anayecheka pale mukubwa anapocheka. Na kuko machimbo ambako wanasemaga mwanamke akisogea shimo, dhahabu inakimbia. Ni udongo gani uliowahi kujibu neno hilo? Mama anayetwanga mawe tangu alfajiri anajua jiwe lenye mali kuliko wanaume wengi, lakini siku ya kukata shauri hakuna anayemwuliza. Moyo wa namna hii haujajifunza kwa kazi. Umejifunza kwa mazoea, na mazoea hayana mwalimu wa kusahihisha.

Njia moja tu

Kwa hiyo sisi tunasema hivi, na tunaomba kila koperative ilijadili: moyo wa mtu uwe na haki ya kusimamisha kazi, usiwe na haki ya kushusha watu.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Mukubwa akisimamisha kazi kwa moyo na akawa amekosea, tumepoteza siku moja. Ni hasara, hatuidharau: siku moja ni unga, ni sabuni, ni pesa ya shule. Lakini kesho iko. Akishusha watu kwa moyo na akawa amekosea, hakuna kesho. Mwezi wa kumi mwaka 2019, kule Kampene, shimo la dhahabu liliporomoka, na habari za wakati ule zilihesabu wafu wasiopungua 14. Tarehe 11 mwezi wa tisa mwaka 2020, kule Kamituga, Sud-Kivu, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na watu walikuwa ndani. Gavana wa jimbo alizungumza juu ya watu 50. Makosa mawili hayana uzito mmoja. Basi na haki ya kuyafanya isiwe moja.

Kwa kushuka, moyo hautoshi. Kushuka kunataka vitu vya kuonekana: miti imekaguliwa, dari imepigwa, injini iko juu, maji yamepimwa kwa kijiti kilichowekwa alama jana, na siku ya kwanza baada ya mvua kubwa imepita. Na urefu wa shimo. Sheria ya machimbo ya mwaka 2002 iliandika mita 30 kwa mchimbaji mdogo, na namba hiyo haikuwekwa kwa mapambo.

Tunajua maneno ya wakubwa. «Kila kijana mwenye woga akisimamisha shimo, nani atakula?» Swali ni la haki, tulijibu. Kwanza, anayesimamisha aonyeshe mahali pake: ni mti gani, ni ukuta gani, ni sauti gani. Akikosa neno, tutoke hata hivyo, lakini boiseur na mtu mmoja mwenye miaka mingi washuke mpaka pale palipo salama, watazame pamoja naye. Pili, yule aliyetoa pesa asiwe mmoja wa wale wanaotazama. Si kwa kuwa ni mtu mbaya. Ni kwa kuwa moyo wake hauko huru. Tatu, siku ya kusimama isikatwe kwenye fungu la yule aliyesema. Ukimkata mara moja, mara ingine ataona ukuta ukipasuka na atanyamaza, na kimya chake kitakuwa ghali kuliko fungu lake.

Haki hiyo hatukuibuni hapa Kindu. Mapatano namba 176 ya Shirika la Kimataifa la Kazi, yaliyopitishwa mwaka 1995 juu ya usalama wa machimbo, yanasema mfanyakazi wa mgodi ana haki ya kuondoka mahali anapoona, kwa sababu yenye msingi, kuko hatari kubwa kwa usalama ao afya yake. Zambia, jirani yetu, iliyathibitisha. Neno linalotumika kwa mgodi wenye lifti na taa za umeme, kwa nini lisitumike kwa shimo la kamba na tochi?

Daftari la shimo

Tunaomba pia kitu kimoja kisicho na bei kubwa: daftari na kalamu. Kila siku ambayo mtu alisema moyo unakatala, ama unakubali, andikeni mistari mitatu. Nani alisema. Aliona nini. Kisha ilikuwa namna gani. Baada ya miezi sita fungueni. Mtashangaa. Yule mwenye kelele nyingi huenda moyo wake umekosea mara tisa kati ya kumi. Na yule kijana asiyesema sana, anayebeba miti, huenda kila mara aliposema «hapa apana», ukuta ulikuja kumpa haki.

Hapo ndipo tunajua masikio ya nani ni mazuri, na juu ya jambo gani. Maana mtu anaweza kuwa mwalimu wa dari na mjinga wa bei. Na vijana wanaoanza kazi wakisomewa daftari hilo, wanajifunza kwa mwaka mmoja yale ambayo wazee walijifunza kwa kuzika wenzao.

Kwenu mama na vijana mliobaki nyumbani: mume akirudi mapema bila kitu na kusema «leo tumekatala kushuka», msimpokee kwa uso wa kununa. Jua kwamba mtu aliyerudi na mikono mitupu amerudi na mikono. Na ukiota vibaya usiku ukamwambia asiende, hatutakucheka. Siku moja tutailipa. Lakini siku ukiota dhahabu, mama, tunakuomba ukae nayo kwanza. Acha boiseur atangulie kupiga dari.

Kwenu wakubwa wa mashimo: hatuwaambii mfukuze moyo. Tunawaambia mjue amesomea wapi. Msimu wa mvua hauna adabu kwa mtu yeyote, hata kwa PDG. Mkutano wenu ujao wa koperative, kabla ya habari ya mafungu na deni, wekeni jambo hili juu ya meza: kwenye shimo letu, nani ana haki ya kusema tusimame, na atalipwa siku hiyo ao hatalipwa? Andikeni jibu. Lipigwe muhuri. Lisomwe kwa sauti kwenye mdomo wa shimo, mbele ya wale wanaoshuka.